Kuuza lori la 4x4 kabla halijawa nyumba

Mtu anayeuza gari lililokamilika anauza kitu ambacho mnunuzi anaweza kukiwasha, kukiendesha, kukilalia na kukitolea uamuzi mwenyewe ndani ya muda mfupi. Anayeuza lori la 4x4 ambalo liko katikati ya kugeuzwa kuwa nyumba ya safari hana bahati hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya thamani ya kazi yake imejificha: imefunikwa na kuta, imepita ndani ya mabomba ya nyaya, imekaa kwenye maboksi ambayo hayajafunguliwa, au bado imo kichwani mwake kama mpango. Mke wangu na mimi tuliamua kuuza letu baada ya majukumu ya kifamilia kutuonyesha wazi kwamba miaka ya safari tuliyoipanga isingepatikana. Katika kuliuza tulijifunza kwamba kinachouzwa katika biashara ya namna hii ni uhakika. Mnunuzi hulipia kile anachoweza kukithibitisha, na yale asiyoweza kuyathibitisha huyahesabu kuwa hayapo, hata kama yalifanywa kwa ustadi mkubwa.

Gari lenyewe lilikuwa Mercedes-Benz ya zamani iliyotumika zimamoto, yenye injini ya dizeli ya silinda sita na ekseli mbili zinazovuta zote. Magari ya zimamoto hupendwa na wajenzi wa nyumba za safari kwa sababu huwa yametembea kilomita chache na yamelazwa ndani ya banda, ingawa mnunuzi mzoefu anajua kuwa kilomita chache si ushahidi kwamba injini ilipumzika. Gari la namna hiyo husimama muda mrefu likizungusha pampu ya maji huku mita ya kilomita ikiwa haisogei, na ndiyo maana mita ya saa za injini, pale ilipo, hutazamwa kabla ya kitu kingine chochote. Sisi tulikuwa tumeondoa bodi ya zamani, tumesugua kutu kwenye chesisi na kuipaka rangi, tumefunga fremu ya pili yenye springi juu ya chesisi, na juu ya fremu hiyo tumeweka chumba cha paneli za fibaglasi zenye povu gumu katikati, unene wa milimita 60. Madirisha, mlango na kifuniko cha paa vilikuwa vimefungwa, na nyaya zilikuwa zimepitishwa. Maji, gesi, kipasha joto, fanicha na uunganishaji wa umeme havikuwa vimeanzwa, na vifaa vyake vingi vilikuwa kwenye maboksi.

Swali la kwanza lililotukabili lilikuwa kama tuendelee kidogo ili gari livutie zaidi. Watu wengi walituambia tumalizie jiko na kitanda, eti bei ingepanda. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao hata sasa, kwa kuwa kila kipande cha fanicha ni uamuzi unaomfungia mtu mwingine mlango. Chumba chetu kilikuwa na upana wa mita 2.40 kwa nje. Ukitoa kuta mbili za milimita 60, ndani hubaki mita 2.28, upana ambao unamruhusu mtu mrefu kulala akiwa amekingama na gari, lakini pia unamruhusu mwenye watoto kupanga vitanda vya ghorofa kwa urefu, na anayesafiri na pikipiki kuinua kitanda na kuacha nafasi chini yake. Tungejenga kitanda kimoja tu kati ya hivyo, tungewapoteza wanunuzi wengi kwa ajili ya wachache. Chumba kitupu kilicho mraba na kikavu kina wateja wengi zaidi kuliko chumba kilichojengwa nusu kwa mahitaji ya familia isiyoonekana tena.

Kazi tuliyoifanya baada ya kuamua kuuza ilikuwa ile tu ya kuzuia uharibifu. Tuliziba tundu lililokuwa limetobolewa sakafuni kwa ajili ya bomba la moshi wa kipasha joto, tukarudia kupaka gundi ya kuzuia maji pembeni mwa kifuniko cha paa, tukafunga ncha zote za nyaya zilizokuwa wazi, kisha tukalimwagia gari maji kwa mpira kwa muda mrefu na kuingia ndani na tochi kutafuta tone. Maji ndiyo adui mkuu wa paneli za aina hii. Yakipenya kwenye tundu la skrubu ambalo halikuzibwa, huenda yakasafiri kati ya ganda na povu, ganda likaanza kubanduka mahali ambapo hakuna mtu atakayeona kwa miaka kadhaa. Mnunuzi anayejua jambo hilo hugonga kuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na ni haki yake.

Tulifikiria pia kuliuza vipandevipande. Kwa hesabu ya karatasi, njia hiyo ilionekana kuleta fedha nyingi zaidi, kwa sababu betri, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa nyumbani), kipasha joto na paneli za sola ni vitu ambavyo kila mtu anavitafuta na vinaondoka haraka. Tatizo ni kinachobaki. Fremu ya pili hutengenezwa kwa vipimo vya chesisi moja, na chumba hutengenezwa kwa vipimo vya fremu hiyo. Ukishauza vyote vinavyouzika kwa urahisi, unabaki na lori lenye boksi tupu ambalo limepoteza vifaa vilivyochaguliwa kwa ajili yake, na ambalo sasa linamvutia mtu mmoja tu kwa kila kumi waliolitaka likiwa na mzigo wake. Kwa hiyo tuliuza kwa pamoja, ila tulimwachia mnunuzi uhuru wa kukataa kifaa chochote ambacho hakijafungwa, na bei ya kila kifaa tukaiandika pembeni ili kukikataa kusizue ubishi. Uamuzi huo ulirahisisha mazungumzo kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa watu walibishana nasi juu ya vitu na si juu ya jumla.

Kupanga bei ndiko kulikotaka utulivu mkubwa zaidi. Tulikuwa na risiti zote, na kishawishi cha kuzijumlisha, kuongeza malipo ya jasho na kuiita jumla hiyo bei kilikuwa kikubwa. Lakini mnunuzi hajali tulitumia nini. Anajali yeye atatumia nini ili afike mwisho. Tukaanza na thamani ya lori kama lingekuwa halijaguswa, tukaongeza chumba na fremu kwa kulinganisha na gharama ya kuagiza paneli kama zile wakati huo, tukapunguza kwa sababu mnunuzi hakuchagua vipimo wala mahali pa madirisha, kisha tukaongeza vifaa vya kwenye maboksi kwa bei ya vitu vilivyokwisha nunuliwa na mtu mwingine. Hapo lazima mtu awe mkweli na nafsi yake. Dhamana ya kifaa huanza kuhesabiwa tangu siku ya kukinunua dukani, si siku ya kukiwasha, na mara nyingi haimfuati mmiliki wa pili. Kwa hiyo kipasha joto ambacho hakijawahi kutolewa kwenye boksi kinaweza kuwa kipya kwa sura na kisicho na dhamana kwa karatasi. Mirija ya gundi ya polyurethane tuliitupa kabla ya mtu yeyote kuja, kwa kuwa gundi hiyo hukauka kwa unyevu wa hewa na ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuiacha rafuni ikiwa imepitwa na tarehe ni kumwambia mnunuzi kwamba huenda na vitu vingine havikutazamwa.

Saa za kazi hatukuziweka kwenye bei, na nina sababu mbali na ile ya kwamba hakuna anayezilipia. Anayenunua mradi wa mtu mwingine lazima atumie muda wake kuuelewa: waya huu unatoka wapi, kwa nini tundu hili liko hapa, je, bolti hii imekazwa au inasubiri. Muda huo ni gharama halisi, naye huukata kwenye bei hata kama hasemi. Njia pekee ya kurudisha sehemu ya thamani ya jasho lako ni kumpunguzia muda huo, na hapo ndipo kumbukumbu zinapogeuka kuwa fedha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chombo ambacho hakijakamilika hakijui kujiuza hata kiwe kizuri namna gani, na lazima mwenyewe akisemee kwa ushahidi.

Ushahidi wetu mkubwa ulikuwa picha. Tangu mwanzo mke wangu alishikilia kwamba hakuna kitu kitakachofunikwa kabla hajakipiga picha kikiwa na tepu ya kupimia iliyonyooshwa kutoka kwenye kona, na nambari ya picha ikaandikwa kwenye mchoro wa ukuta husika. Mzee aliyekuja kulinunua gari, fundi wa majokofu aliyestaafu, aliingia ndani ya chumba akiwa na binti yake, akasimama mbele ya ukuta wa kushoto na kuuliza, "Mwanangu, humu ndani ya ukuta kuna nini?" Nikamjibu, "Shikamoo tena mzee, ngoja nikuonyeshe," nikafungua picha inayoonyesha vipande vya plaiwudi vilivyozamishwa ndani ya povu ili vibebe makabati ya juu. Hakuridhika na picha. Alichukua tepu yake, akapima kutoka kwenye kona umbali ule ule uliokuwa kwenye picha, akaweka alama kwa penseli, kisha akagonga kabla ya alama na baada ya alama. Sauti ilikuwa nyepesi upande mmoja na nzito upande wa pili, na mpaka wa sauti hizo ulikuwa pale pale penye penseli. Akarudia mahali pengine pawili bila kusema neno. Baada ya hapo maswali yake kuhusu kuta yalikwisha, na kila nilichomweleza juu ya sehemu nyingine zisizoonekana alikipokea kwa namna tofauti.

Upande wa umeme, lebo zilifanya kazi ile ile. Kila waya ulikuwa na nambari katika ncha zote mbili, na nambari hizo zilikuwa kwenye jedwali lenye unene wa waya, urefu, kazi yake na fyuzi iliyokusudiwa. Gari hili ni la volti 24, nasi tulikuwa tumepanga umeme wa chumba uwe wa volti hizo hizo, kwa kuwa inveta ya wati 2,000 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 160, na kwenye volti 24 huvuta takriban nusu ya hizo, jambo linaloruhusu nyaya nyembamba na joto dogo kwenye viungo. Betri zilikuwa seli nane za lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, kila moja ikiwa na volti 3.2 na ampea-saa 280. Zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 25.6, yaani karibu kilowati-saa 7.2. Hatukuzifunga wala kuziunganisha. Zilikaa kwenye boksi lake zikiwa na chaji ya nusu hivi, kwa sababu seli za aina hii hazipendi kuwekwa muda mrefu zikiwa zimejaa kabisa au zimekauka, na tulizipima volti mara kwa mara na kuandika vipimo. Binti wa yule mzee aliuliza kama zinaweza kuchajiwa kwenye baridi kali, nami nikamwambia kwamba zinaweza kutoa umeme kwenye baridi, lakini kuzichaji chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi huziharibu kwa ndani bila dalili ya nje, kwa hiyo kifaa cha kuzisimamia lazima kiwe na kinga hiyo. Alitaka kuona kifaa tulichonunua. Akasoma kibandiko chake mwenyewe, akapiga picha.

Lililowapa wanunuzi wasiwasi mkubwa zaidi lilikuwa fremu ya pili, na ninawaelewa. Chesisi ya lori la 4x4 imetengenezwa ijipinde. Kwenye njia yenye mashimo, kujipinda huko ndiko kunakosaidia magurudumu yote manne yaendelee kugusa ardhi. Chumba cha paneli, kwa upande wake, ni boksi gumu ambalo halitaki kupindwa hata kidogo, na likifungwa moja kwa moja kwenye chesisi viungo vyake hupasuka, madirisha hukwama, na katika hali mbaya zaidi ni chesisi yenyewe inayopata ufa penye bolti za mwisho. Wengine hutatua tatizo hilo kwa kuegemeza chumba kwenye nukta tatu au nne zenye egemeo linalozunguka. Sisi tulitumia fremu iliyofungwa imara upande wa nyuma na kushikwa kwa bolti ndefu zenye springi upande wa mbele, ili chesisi inapojipinda fremu iweze kuinuka upande mmoja na kurudi. Maneno haya yote hayamsaidii mnunuzi anayeona tu chuma na nati chini ya gari.

Kwa hiyo tuliamua kuwaonyesha. Tulipanga magogo ya mbao, tukapandisha tairi la mbele la kushoto na tairi la nyuma la kulia juu yake polepole, hendibreki ikawekwa na matairi mengine yakazuiwa, kisha mnunuzi akaalikwa kuchungulia kwa tochi akiwa pembeni, bila kuingia chini. Pengo lilikuwa limefunguka kati ya chesisi na fremu upande mmoja wa mbele, upana wa vidole viwili hivi, springi za upande huo zikiwa zimebanwa, huku fremu ya mlango wa chumba ikiwa haijasogea. Mlango ulifunguka na kufungwa kwa kidole kimoja. Raba ya kukunjika inayounganisha kebini na chumba ilikuwa imejikunja upande mmoja na kunyooka upande wa pili. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mtu mmoja tu anayeuza gari la aina hii, ningemwambia aandae onyesho hilo kabla ya kuandaa tangazo.

Halafu kuna uzito, ambao watu makini huuliza kabla ya kuuliza bei. Tulilipeleka gari kwenye mizani likiwa na chumba lakini bila vifaa, tukapima ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, na karatasi za mizani tukaziweka kwenye jalada. Jumla ya uzito peke yake haitoshi, kwa sababu gari linaweza kuwa chini ya kiwango chake cha juu huku ekseli ya nyuma ikiwa imezidiwa. Mnunuzi anapojua nafasi iliyobaki kwa kila ekseli, anaweza kupiga hesabu zake: lita 300 za maji ni kilo 300, lita 300 za dizeli ni kilo 250 hivi, na mahali tangi litakapokaa ndipo panapoamua ekseli ipi itabeba. Kwa wenye leseni za Ulaya swali hili lina uzito wa kisheria pia, kwa kuwa leseni ya daraja C1 huishia kilo 7,500, na wengi hupunguza uzito ulioandikishwa wa malori ya namna hii ili yabaki chini ya mpaka huo. Mwenye kununua lazima ajue kama baada ya kupunguza atabaki na kilo za kutosha kwa nyumba yenyewe.

Karatasi nazo zilihitaji maelezo ya wazi. Kadi ya gari letu ilikuwa bado inaonyesha matumizi yake ya zamani, na gari lisilokamilika kwa kawaida haliwezi kuandikishwa kama gari la kuishi. Kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hutaka gari la kuishi liwe na viti na meza, mahali pa kulala, mahali pa kupikia na sehemu za kuhifadhi vitu. Tuliandika jambo hilo kwenye tangazo lenyewe, pamoja na kwamba bima ya gari la kuishi isingepatikana mpaka mabadiliko hayo yafanyike, na tukaambatanisha barua ya mhandisi aliyeikagua fremu ya pili na majina ya vyuma vilivyotumika. Waliokata tamaa kwa kusoma maelezo hayo wangekata tamaa hata hivyo baada ya kutupotezea siku nzima.

Gari linalosubiri mnunuzi huendelea kuharibika, na hili husahauliwa kwa urahisi kwa sababu akili ya mwenye gari imeshahamia kwenye mauzo. Kuliwasha na kuliacha linguruma kidogo hakutoshi, kwa kuwa injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na oili ya kwenye difu na hapu za magurudumu haisogei kabisa. Tulikuwa tunalitoa barabarani mpaka lipate moto sawasawa, tunabadilisha gia zote, kisha tunalipeleka kwenye changarawe na kufunga kufuli la difu, lile linalolazimisha magurudumu yazunguke kwa kasi moja. Kufuli hilo halijaribiwi kwenye lami kavu, kwa sababu magurudumu hayana nafasi ya kuteleza na shafti zinabaki zimejikaza. Lakini lisipotumika kabisa hushika kutu na kugoma siku ambayo mnunuzi amesimama pembeni. Tangi la dizeli tulilijaza ili hewa yenye unyevu ipungue ndani, kwa kuwa maji kwenye dizeli hualika vijidudu vinavyoziba filta. Matairi yalikuwa na kashata za kutosha kabisa, lakini umri wa tairi hausomwi kwenye kashata. Unasomwa kwenye tarakimu nne za pembeni, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi letu la akiba lilikuwa ni lile lile la tangu gari likiwa bado la zimamoto, na tuliandika hivyo hivyo: linafaa kusogeza gari, halifai safari.

Kuhusu watu waliokuja, sina mengi ya kusema. Wapo madalali waliotaka bei ya mwisho kabla ya kuliona gari, na hao tuliwajibu kwa heshima kwamba bei huzungumzwa mbele ya gari. Wapo walioipenda ndoto ya safari na kutuuliza zaidi kuhusu tulikotaka kwenda kuliko kuhusu ekseli; tuliwakaribisha vizuri, lakini tulijitahidi kuwaonyesha orodha ya kazi iliyobaki kabla ya kuwaonyesha madirisha, kwa sababu kumuuzia mtu mzigo ambao hajauelewa ni kumdhulumu hata kama amelipa kwa hiari. Na wapo mafundi, ambao walizungumza kidogo, walikuja na tochi, na walirudi.

Yule mzee na binti yake walirudi na fundi wao wa injini, wakatumia siku nzima, na jioni wakatoa bei iliyokuwa chini kidogo ya ile tuliyoitaja, wakiacha inveta kwa kuwa walikuwa nayo nyingine. Tulikubaliana. Mkataba tuliuandika kwa lugha nyepesi, na sehemu ndefu zaidi ndani yake ilikuwa ile ya mambo ambayo hayajafanywa au hayajajaribiwa: kipasha joto hakijawahi kuwashwa, nyaya zimepitishwa lakini hazijawahi kupitishwa umeme, na mfumo wa gesi haupo kabisa. Kuhusu gesi nilimsihi binti yule aitafutie fundi mwenye cheti, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja huteremka na kutulia sakafuni, na kabati la mtungi lazima liwe na tundu la kuitoa nje kwa chini. Namba ya chesisi tuliisoma pamoja kwenye fremu na kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Malipo ya awali yaliandikiwa risiti yenye tarehe ya mwisho wa kumalizia, na bima yetu hatukuifuta mpaka umiliki ulipobadilishwa jina.

Jalada liliondoka na gari: michoro, picha, jedwali la nyaya, karatasi za mizani, risiti za vifaa vilivyouzwa, na orodha ya kazi zilizobaki kwa mpangilio tuliokuwa tumeukusudia, ambao tulieleza kuwa ni mapendekezo tu. Sisi tulibaki na nakala, kwa makubaliano kwamba wanaweza kupiga simu wakati wowote. Wamepiga mara kadhaa. Binti ndiye aliyechukua kazi ya umeme, na swali lake la karibuni lilihusu nyaya mbili za kijivu zinazotokea juu ya mlango, moja ikiwa ya taa ya nje na nyingine ya kihisio cha joto ambacho hatukuwahi kukinunua. Nilimwomba anisomee nambari za lebo, mke wangu akafungua jedwali, na kabla sijamaliza kueleza, binti alikuwa ameshaukata ule usiohitajika na kuufunika ncha yake, akaendelea na kazi.